Nilikata "Wah!" Yangu Mwenyewe, na CD Nikawapa Njiwa

Mpendwa Akka Sumitra,

Naomba msaada wako, dada yangu mkubwa, tena naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, kwa sababu mimi mwenyewe nikiisoma naanza kucheka, halafu nakumbuka kwamba aliyeyafanya haya yote ni mimi, na kicheko kinakwama kooni kama andazi kavu. Sitataja jina langu. Mke wangu Sulabha ndiye hulifungua gazeti kwanza kila Jumamosi asubuhi, na safu yako huisoma kwa sauti mimi nikiwa jikoni nachemsha chai, halafu husema, "Hebu msikilize mjinga huyu naye," kwa hiyo utaelewa kwa nini nataka kubaki mjinga asiye na jina.

Nina miaka hamsini na mitano, nafundisha hesabu, nina kitambi cha heshima, na hadi mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa na CD mia nane na kumi na mbili, karibu zote za raga, ule muziki wa jadi wa Kihindi, zote za dukani isipokuwa moja tu, ambayo ndiyo imenifikisha kwako, nitaieleza. Zilijaza kabati la sebuleni, zikapanda juu ya jokofu, nyingine zikaingia kwenye pipa la mchele ambalo, nakiri, lilikuwa na mchele. Binti yetu Ketaki, anayefanya kazi Nagpur, alikuja likizo, akafungua kasha moja, akaiangalia CD kwenye mwanga, akaniambia, "Baba, hizi zinakufa. Zinaota madoa. Zihamishe zote kwenye kompyuta kabla hujabaki na makasha matupu." Akaniwekea programu, akanifundisha siku mbili, akapanda treni, akamwachia mama yake mgonjwa.

Maana, Akka, niliugua. Kuna njia mbili za kuhamisha muziki. Ya kwanza hunyofoa zile sehemu za sauti ambazo wataalamu wanasema sikio halizisikii, faili linakuwa dogo, watu wanaridhika. Ya pili hainyofoi kitu. Kila kilichomo kwenye CD kinaingia jinsi kilivyo, pumzi ya mwimbaji, kiti kinacholia, bangili za dada anayepiga nyuzi za tanpura nyuma. Nilichagua ya pili, na sikuichagua kimya kimya. Nilimhubiria kila mtu aliyekaa kwenye kochi letu. Wa kwanza alikuwa Bapat, rafiki yangu tangu ujana, anayekaa jengo la pili, ambaye husikiliza muziki kwa simu aliyoitumbukiza kwenye bilauri ya chuma ili ipaze sauti.

"Bapat, wewe unalamba kokwa," nikamwambia. "Embe wameshakula wengine."

"Na wewe una masikio ya popo," akasema. "Hebu niambie ukweli. Hizo sauti zisizosikika, wewe unazisikia?"

"Nazisikia!"

"Basi nenda hospitali, bwana."

Hakunivunja moyo. Programu yenyewe inaisoma kila CD mara mbili, halafu inakwenda kwenye mtandao kulinganisha na watu wengine duniani waliohamisha CD kama hiyo hiyo, na kama zinafanana kila chembe, inaandika "sahihi" kwa rangi ya kijani. Siku ya kwanza iliponiambia kwamba watu arobaini nisiowajua wana kitu kilekile nilicho nacho, hakijapungua hata nukta, niliruka kutoka kwenye kiti na mikono juu, na Sulabha akaja mbio na ufagio akidhani mjusi amenidondokea shingoni.

Yeye alinivumilia kwa sharti moja. "Baba Ketaki," akasema, "kila iliyokwisha kunakiliwa itoke kabatini. Nataka mahali pa kuweka mitungi yangu ya achari, sijaolewa na maktaba." Basi zikaanza kutoka, na kwa kuwa hakuna anayenunua CD siku hizi na mimi sikuwa na moyo wa kuzitupa, tukazitumia kwa njiwa. Unajua mwenyewe njiwa wa Pune, wanataga hadi kwenye sufuria ukiigeuza dakika mbili. Nilizifunga kamba mimi mwenyewe, kumi kumi, huku nasahihisha mitihani, nikazitundika kwenye roshani yetu, zikazunguka na kumeta, njiwa wakahama. Majirani wakaona. Mama wa ghorofa ya tatu akataka sita, wa ghorofa ya nne akataka kumi na mbili kwa sababu wa tatu alipewa sita, na kufikia mwezi wa nne majengo yetu yote matatu yalikuwa yanameta kama ukumbi wa harusi. Bapat peke yake ndiye aliyelalamika, na yeye hulalamika hata maji ya bomba yakitoka. "Wenzangu wote umewapa za kung'aa kama kioo," akanipigia kelele kutoka juu, "mimi umenining'inizia moja ya kijani kama jani la mgomba! Haimeti! Na roshani yangu haipati jua! Njiwa wanakuja hapa kunitazama mimi!" Nikamwambia njiwa nao wana haki ya kuona maajabu.

Sasa ile moja. Mwaka 1993, siku za sherehe za mungu Ganesh, Sulabha aliimba kwenye ua wa nyumba ya mwalimu wake wa muziki. Alikuwa na miaka ishirini. Mtu alirekodi kwenye kaseti, na mwaka 2004 kaka yake akaihamisha kaseti kwenye CD kwa kompyuta yake ya nyumbani, kaseti yenyewe ikaliwa na ukungu. Kwa hiyo dunia nzima ilikuwa na nakala moja ya Sulabha akiimba, kwa sababu baada ya hapo alikuja kuolewa na mimi, akaja Ketaki, yakaja mambo, na huimba jikoni tu.

Na mimi nilikuwepo siku ile, Akka. Bapat ndiye aliyenipeleka. Nilikuwa sijui kitu. Ngoma ya tabla inazunguka mapigo kumi na sita, na mwenye akili husubiri mzunguko urudi kwenye pigo la kwanza, sauti na tabla zitue pamoja, hapo ndipo watu hutikisa kichwa na kusema taratibu, "Wah." Mimi nilisema "Wah!" kwenye pigo la kumi na tatu. Peke yangu. Kwa sauti ya mchuuzi wa vitunguu. Kwenye rekodi unasikia kabisa kimya cha watu mia moja wakigeuza shingo, halafu unasikia sauti ya Sulabha inatetemeka kidogo, kwa hasira niliyomtia, kisha anajishika na kuendelea. Kwa miaka yote hii akiiweka hiyo CD mimi hukumbuka kwamba nimeishiwa maziwa, nakwenda dukani.

Basi nilipoinakili, nikawa peke yangu na lile faili, nikaliona lile "Wah!" kwenye kioo cha kompyuta, limesimama kama nguzo ya umeme katikati ya shamba la ngano. Akka, nililikata. Mimi, mhubiri wa sauti isiyopungua, nilikata sekunde mbili na nusu, nikaunganisha pande mbili, nikahifadhi juu ya lile faili la kwanza, nikahisi mwepesi kama mtu aliyenyolewa. Na CD ikaenda kwenye fungu la zilizokwisha, na fungu likaenda kwa njiwa, na wala sikuitazama nilipoifunga kamba.

Jumanne iliyopita nilikuwa namenya vitunguu saumu, Sulabha anaongea na Ketaki kwa simu, sauti ya juu. Tarehe ishirini na tatu tunatimiza miaka thelathini ya ndoa, watu arobaini wanakuja, yeye mwenyewe anatengeneza shrikhand, ule mtindi mtamu. Nikamsikia anasema, "Nitawawekea ile rekodi yangu. Si kwa ajili ya kuimba, nani anajali kuimba kwangu. Nataka wamsikie baba yako! Alipiga 'wah' mahali ambapo hata mbwa asingebweka. Nilitaka kucheka mpaka nikakaribia kupoteza sauti. Nikajiambia, huyu hajui chochote, lakini angalau amefurahi kabla ya wenzake. Mama alipokuja na picha za wachumba, nikamwambia, sitaki picha, nitafutie yule mpiga kelele."

Kitunguu saumu kiliruka kikaingia chini ya jokofu. Sikukifuata.

Tangu siku hiyo sijala vizuri, na unajua kitambi changu hakijazoea. Nimejaribu kulirudisha. Nimerekodi "Wah!" mpya mara kumi na nne, bafuni, kwa sababu ya mwangwi, kati ya saa saba na saa kumi mchana, wakati ambapo Pune yote imelala na hata mwizi hupiga miayo. Moja ilitoka kama ya mtu aliyekuta chumvi kwenye chai. Nyingine kama ya mtu aliyekanyaga sabuni. Kwenye ya kumi na moja Sulabha akagonga mlango.

"Baba Ketaki, umeanguka?"

"Hapana."

"Basi unamsifu nani humo ndani?"

Nikasema nasafisha koo. Akasema, "Koo lenyewe limefurahi sana."

Halafu nikaanza kuitafuta CD. Nilichukua darubini ya Ketaki, nikawa natembea chini ya roshani, naangalia juu, CD mia nane zinazunguka na kunipiga miale machoni. Mama wa ghorofa ya nne aliniuliza nafanya nini, nikasema nahesabu njiwa. Sasa kamati ya majengo imeniandikia barua ya pongezi na inaomba ripoti.

Akka, faili nililo nalo limelemaa. Mzunguko mmoja wa tabla una mapigo kumi na manne, na Sulabha atalisikia hilo hata akiwa amelala. Niungame? Niendelee kutafuta? Au nipandikize ile "wah" ya tisa, ambayo ukifumba macho na kuziba sikio moja si mbaya sana? Nampenda mke wangu. Siku moja ya maana niliyowahi kuharibu, kumbe yeye aliitunza, na sasa nimeiharibu mara ya pili.

Mimi,
Mjinga Asiye na Jina, Pune

*

Mjinga mpendwa,

Kabla ya yote zima jiko, chai inamwagika.

Umelificha jina lako kwa ustadi mkubwa. Halafu ukaandika jina la mkeo, la binti yako, la Bapat, idadi ya CD, idadi ya majengo, na tarehe ya sherehe. Kuna mtu mmoja tu Pune nzima aliyepongezwa na kamati kwa kuhesabu njiwa. Nilifikiria kubadilisha majina, nikachukua kalamu, halafu nikaona nitakuwa nafanya kama wewe, kukata kipande kwa sababu kinamtia mtu aibu. Nikaiweka kalamu chini. Barua yako imechapwa nzima, haijapungua hata nukta. Si ndivyo unavyopenda?

Sulabha, mdogo wangu, najua ndiwe unayesoma, na najua kwa sauti. Usimtupie kitu bado. Nipe dakika tano, nikimaliza ni wako.

Wewe bwana. Ulimwambia Bapat analamba kokwa. Ulikaa kwenye kochi lako ukawasimanga watu kwa kupoteza sauti ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Kisha ikaja rekodi moja, moja tu, ambayo hakuna mgeni wa kulinganisha naye kwenye mtandao kwa sababu hakuna mwingine aliye nayo, na hiyo ndiyo ukaishikia mkasi! Bangili za mpiga tanpura asiyekujua umezihifadhi, mdomo wako mwenyewe ukautupa. Halafu, mwalimu wa hesabu, ukahifadhi juu ya faili la kwanza. Mtoto wa darasa la sita angeacha nakala pembeni.

Hapo nimemaliza kukugombeza, au karibu. Nimecheka kwa barua yako mpaka mhariri akaja kuuliza kama naumwa. Lakini pale unapokwenda dukani kununua maziwa nilirudi kusoma tena. Miaka yote hii unakimbilia maziwa! Mtu anatetemeka sauti kwa kuzuia kicheko, wewe unakwenda na mfuko mkononi ukidhani ni hasira. Ungekaa mara moja tu, ukamtazama usoni wakati ule unapofika, usingehitaji kuniandikia.

Wala "wah" ya tisa usiipandikize. Anaijua sauti yako ya mwaka 1993 kuliko unavyoijua wewe, na atakusikia una umri wa miaka hamsini na mitano katikati ya watu wa miaka ishirini. Ifute. Zote kumi na nne zifute. Ya kumi na moja labda mpe Ketaki.

Sasa twende kwa CD. Umetembea na darubini siku ngapi? Soma barua yako mwenyewe. Umesema ulikuwa na CD moja tu isiyokuwa ya dukani, iliyochomwa nyumbani na shemeji yako. Za dukani tumbo lake ni la fedha, zinang'aa kama kioo. Za kuchomwa nyumbani nyingi hazina rangi hiyo, nyingi ni za kijani au buluu. Na ni nani katika majengo matatu amekupigia kelele kutoka juu kwamba umempa moja ya kijani kama jani la mgomba? Malalamiko ya Bapat, ambayo uliyaandika ili nimcheke, ndiyo habari njema pekee iliyomo kwenye barua yako, na hiyo nyingine aliyoisema, kwamba roshani yake haipati jua, ni njema zaidi, kwa sababu hizo za kuchomwa jua huziua ndani ya wiki chache, na hiyo imekaa kivulini ikinung'unikiwa tu. Nenda ukamshukuru. Usimwambie tena habari za kokwa.

Ukiishusha, ishike kwa ukingo. Ioshe kwa maji ya kawaida na tone la sabuni ya vyombo, mavi ya njiwa yalainike yenyewe, usikwangue kwa kucha. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Iache ikauke. Iambie programu yako isome polepole, kwa mwendo mdogo kabisa inaoujua, na ikikwama jaribu kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabla ya kulia. Nakala moja kwako, nyingine kwa Ketaki leo hii hii, na CD yenyewe irudi kabatini pamoja na mitungi ya achari. Sulabha atatoa nafasi, kwa CD hiyo nadhani atatoa.

Na kama imekufa? Huenda. Roshani ni roshani. Basi siku ya tarehe ishirini na tatu uliweke hilo hilo faili lako lililolemaa, mbele ya watu arobaini, bila kulirekebisha. Waambie ulichofanya kabla ya kubonyeza. Usikae karibu na mlango. Na mzunguko ukifika pale tabla inaporuka, wewe simama, jaza mapafu, ujaze hiyo nafasi uliyoikata kwa mdomo wako mwenyewe, kwa sauti ya mchuuzi wa vitunguu. Usihesabu mapigo. Utawahi au utachelewa, sina shaka hata kidogo, na yeye ndicho anachosubiri.

Ripoti ya kamati nayo uiandike. Andika kwamba njiwa ni wengi.

Haya, Sulabha, dakika tano zimeisha. Mchukue sasa hivi, asubuhi hii, kabla hajavaa viatu vya kwenda kununua maziwa. Beba kigoda, yeye abebe mkasi, safari hii akate kamba tu. Mkifika, mwambie Bapat awashikie kigoda. Ndiye aliyemleta huyu bwana kwenye ua ule, ana haki ya kuwepo.

Akka Sumitra